Msiba Usioelezwa: Mimba na Watoto Wachanga Wanaopotea Shinyanga na Geita

Kila kituo cha afya kinachozalisha nchini kina kitabu kikubwa kiitwacho rejesta ya MTUHA namba 12. Mkunga akishamzalisha mama, hukijaza mstari kwa mstari: jina, umri, mimba ya ngapi, saa ya kujifungua, uzito wa mtoto. Mtoto akizaliwa mfu, mkunga anaandika FSB au MSB. Ya kwanza ni ya mtoto ambaye ngozi yake bado nzima, yaani alikuwa hai mpaka karibu na kuzaliwa, pengine mpaka uchungu ulipokwisha kuanza. Ya pili ni ya mtoto ambaye ngozi imeanza kuchubuka, aliyefia tumboni saa nyingi au siku kadhaa kabla. Herufi hizo tatu zina habari nzito. Zinakadiria ni lini mtoto alifariki, na kwa hiyo zinaelekeza pa kutafuta sababu: kwenye chumba cha kujifungulia, au kwenye miezi ya ujauzito iliyotangulia. Taarifa hiyo itapelekwa wilayani, itajumlishwa na za vituo vingine, itafika wizarani. Anayekosa kuipata, mara nyingi, ni mama mwenyewe. Yeye huambiwa pole, kazi ya Mungu haina makosa, utapata mwingine. Kisha mama mkwe hukabidhiwa kifurushi ndani ya kanga na safari ya nyumbani inaanza. Hoja yangu leo ni kwamba katika mikoa ya Shinyanga na Geita, deni la kwanza tunalodaiwa na familia hizi ni maelezo: kuambiwa kwa heshima, mbele ya wanaohusika, nini kilimtokea mtoto wao na nini hakikumtokea. Ushauri nasaha, maombi, rambirambi na likizo vina nafasi yake, na nitavifikia. Lakini vikitangulia maelezo, havishiki.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umekuta 25. Katika kipindi hichohicho makadirio ya vifo vya akina mama yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Yaani tumejifunza kumwokoa mama kwa kasi ambayo hatujaifikia kwa mtoto wa siku za mwanzo, na matokeo yake ni kwamba mama anabaki hai kulia kifo cha mtoto wake. Hapo sijahesabu waliozaliwa wafu, ambao duniani kote wanakadiriwa kuwa karibu milioni 1.9 kila mwaka kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito, zaidi ya asilimia 40 kati yao wakifariki wakati uchungu umekwisha kuanza. Wala sijahesabu mimba zinazoharibika mapema, ambazo nyingi hazifiki kwenye kitabu chochote.

Kuna badiliko jingine kwenye takwimu hizo ambalo naona halijafikiriwa vya kutosha. Mwaka 2015/16 asilimia 63 ya wanaojifungua walijifungulia kituoni. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 81. Hili ni jema, na anayetaka kurudi nyuma ajitazame upya. Lakini tuone limefanya nini kwa msiba. Zamani mtoto alipofariki wakati wa kuzaliwa, alifariki ndani ya nyumba, mbele ya bibi, shangazi na mkunga wa jadi. Waliona kitovu kilivyomzonga shingoni, waliona kichwa kilivyokwama tangu jioni mpaka alfajiri. Maelezo yao yaliweza kuwa ya makosa, lakini shahidi alikuwepo na aliishi jirani. Leo kifo kimehamia nyuma ya pazia la wodi. Wanaojua kilichotokea ni watu wawili au watatu waliovaa sare, ambao kesho wako zamu nyingine na mwaka kesho wako wilaya nyingine, na ndugu wameketi nje kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Tumechukua kifo kutoka kwa familia tukachukua na ushahidi wake, na hatujaurudisha.

Pengo la maelezo halikai wazi. Usukumani lina historia ya kuzibwa kwa namna ambayo hakuna aliyeko hapa asiyeijua. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mauaji yanayohusishwa na uchawi, alionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo, zaidi ya nusu yao Usukumani, na wengi wao wanawake. Bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe aligeuzwa mshtakiwa. Sidai kwamba mauaji hayo yalitokana na vifo vya watoto wachanga peke yake. Mashamba, mirathi, ng'ombe na wivu vilikuwemo, na mara nyingi ramli ilikuwa kisingizio tu cha ugomvi wa zamani. Lakini kifo cha mtoto kisichoelezeka ni moja ya milango ambayo mtu huingilia kwa mpiga ramli. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku ina kazi yake, ila haifuti swali lililompeleka mtu huko. Tazama kile ambacho mpiga ramli humpa mteja: anamkaribisha, anamketisha, anauliza nani walikuwepo, mimba ilianza lini, nani aligombana na nani. Anaita ukoo mzima. Anatoa muda, ambao wodini haupo, na mwishoni anatoa sababu yenye jina. Sababu hiyo ni ya uongo na inaweza kumwua mtu, lakini utaratibu wa kuitoa ni wa utu kuliko ule wa kumwambia mama "mtoto alizaliwa amechoka" na kumwita anayefuata.

Kwenye machimbo hali ni ngumu zaidi. Dhahabu ikisikika mahali, watu wanahama kwa maelfu kwenda kwenye rashi mpya, na miji ya aina ya Katoro imekua kwa kuwapokea. Mke wa mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa anaweza kuwa ametoka Kasulu, mumewe Bariadi, na hapo walipo wana chumba cha kupanga na majirani wa miezi mitatu. Hakuna mama mkwe wa kumsaidia, na hata mahali pa kuzika panatafutwa. Machimboni pia kuna imani inayowaandama hasa wanaume: kwamba utajiri wa mwambani hauji bure, na kwamba aliyepata mawe mazuri ametoa kafara. Watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington waliandika mwaka 2010 juu ya uhusiano wa wachimbaji wadogo na waganga katika ukanda huu, na yeyote anayejua mialo, yaani sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu, anajua jinsi maneno hayo yanavyosambaa. Mchimbaji ambaye mtoto wake amefariki wiki ileile duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, limetema dhahabu ana msiba wa kumzika mwanawe, na kesi ya kujibu mbele ya wakwe.

Huko machimboni, vilevile, sababu ya kweli inaweza kuwa kitu ambacho familia inakigusa kila siku. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huchomwa ili ivukizwe, mara nyingine jikoni, kwenye jiko lilelile la mkaa, na mvuke wake huvutwa na yeyote aliye jirani. Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Elias Nyanza wa chuo cha tiba cha Bugando, Mwanza, na wenzake walifuatilia wajawazito zaidi ya 900 kaskazini mwa Tanzania, wa maeneo ya machimbo na ya nje yake. Matokeo waliyochapisha mwaka 2020 yalihusisha zebaki na aseniki mwilini mwa mama na kuongezeka kwa hatari ya kuzaa mtoto mfu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka huohuo. Mwanamke anayechekecha mchanga mwaloni akiwa na mimba ya miezi sita angepaswa kuambiwa hayo kabla. Kama hakuambiwa kabla, basi anastahili kuambiwa baada, na aambiwe kwa uangalifu: mhudumu hawezi kuthibitisha kwamba zebaki ndiyo iliyomwua mtoto huyu, anaweza kusema kwamba ni hatari inayojulikana na kwamba mimba ijayo inaweza kuepushwa nayo.

Hapa nakuja kwenye ushahidi ambao kwangu ndio unaobeba hoja yote, nao ni wa hapahapa. Mwaka 2002 Deborah Watson-Jones na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa kaswende kwa wajawazito wa Mkoa wa Mwanza, wakati Geita yenyewe ikiwa bado wilaya ya mkoa huo. Walikuta kwamba kati ya wanawake waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, robo walizaa watoto wafu. Walikadiria pia kwamba kwa wajawazito ambao hawakupimwa, nusu ya watoto waliozaliwa wafu walitokana na ugonjwa huo. Na walionyesha kwamba dozi moja ya sindano ya penisilini, ikitolewa wakati wa ujauzito, inaiondoa hatari hiyo. Sasa fikiria nyumba ambayo mtoto wa kwanza amezaliwa mfu kwa kaswende, na hakuna aliyepima damu ya mama baada ya hapo, wala kumwita baba. Mtoto wa pili atafuata njia ileile. Wa tatu pia. Kufikia hapo mama ameshaitwa mwenye mkosi, pengine mume ameoa mwingine, na huyo mwingine naye ataambukizwa. Jirani mzee wa upande wa pili wa barabara ameshaanza kutazamwa vibaya. Ugonjwa wa kutibika kwa sindano umezaa misiba mitatu, talaka na tuhuma. Kaswende siku hizi hupimwa kliniki na hali si ile ya miaka hiyo, lakini mfano unasimama kwa presha ya mimba, kwa kisukari, kwa malaria ambayo mikoa yetu ni kati ya inayoongoza kuwa nayo. Inafahamika pia kwamba mama aliyewahi kuzaa mtoto mfu yumo kwenye hatari kubwa zaidi katika mimba inayofuata. Kadi ya kliniki ina nafasi ya kuandika watoto waliofariki. Nesi huuliza, mama hutaja idadi, nesi huandika. Swali la kwa nini, ambalo jibu lake lingebadilisha huduma ya mimba iliyo tumboni wakati huo, mama hana la kujibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia.

Atasimama mtu aseme: sababu zenyewe mara nyingi hazijulikani. Hata hospitali kubwa za Ulaya, zenye maabara ya kuchunguza kondo la nyuma na kumpasua marehemu, hubaki na vifo vingi visivyo na sababu. Zahanati ya Msalala itaeleza nini? Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Zahanati haitajua yote, lakini inajua zaidi ya inavyosema. Inajua kama mapigo ya moyo wa mtoto yalisikika mama alipofika. Inajua shinikizo la damu lilikuwa ngapi, maji yalikuwa ya rangi gani, uchungu ulidumu saa ngapi, uzito ulikuwa gramu ngapi. Inajua, na hili ndilo ningelitanguliza, mambo ambayo hayakuwa sababu. Kumwambia mama kwamba mtoto hakufa kwa sababu alibeba ndoo ya maji, au alilala na mumewe mwezi wa nane, au aligombana na wifi yake, au alivuka kaburi, ni kumwondolea mashtaka ambayo ameanza kujisomea mwenyewe kabla hajafika nyumbani. Na penye kutojua, neno "tulichunguza hiki na hiki, hatukuona sababu" bado ni maelezo. Lina uzito likitoka kwa mtu aliyeonekana akichunguza.

Pingamizi la pili lina ukali zaidi, kwa kuwa linatoka kwa wahudumu wenyewe, na wana haki ya kusikilizwa. Mkunga mmoja usiku, wajawazito wanne, wawili wako tayari kusukuma. Atapata wapi nusu saa ya kukaa na aliyefiwa? Tena akieleza kwamba mtoto alichelewa kutolewa, si amejishitaki mwenyewe? Ndugu watavamia wodi, mkuu wa wilaya atakuja na kamera, na jioni mkunga amesimamishwa kazi. Woga huu una msingi. Tumezoea viongozi wanaotafuta mtu wa kumwajibisha mbele ya hadhara badala ya kutafuta kosa la mfumo, na kila tukio la namna hiyo huwafundisha wakunga kumi kunyamaza. Lakini nchi tayari ina chombo cha kuutibu. Mwongozo wa kufuatilia na kupitia vifo vya uzazi na watoto wachanga, wa mwaka 2015 na uliorekebishwa 2019, unataka kifo kijadiliwe kituoni ili sababu zinazozuilika zijulikane, bila kunyoosheana vidole. Wanakaa, wanasoma jalada, wanakubaliana nini kilikosekana: damu, gari la wagonjwa, mkono wa ziada usiku ule. Muhtasari unaandikwa. Kinachokosekana ni mtu wa kubeba sehemu ya muhtasari huo inayowahusu wazazi na kuwapelekea. Kazi ya kuchunguza, ambayo ndiyo ya gharama, inafanyika tayari; tunaacha hatua ya mwisho ambayo ni ya mazungumzo.

Na katika mikoa hiihii tuna uthibitisho kwamba kutazama vifo kwa uwazi hakuvunji huduma. Mpango wa Uzazi Salama ulioongozwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ulifanya kazi katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Mwanza, Shinyanga na Geita. Ulileta vifaa vya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto na vya kumsaidia kupumua, lakini moyo wake ulikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapohapo wodini, yakiongozwa na takwimu za kituo chenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 katika New England Journal of Medicine, kwa watoto karibu 280,000, yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa asilimia 75. Wahudumu walewale wachache, katika wodi zilezile zilizojaa. Mtu anayeniambia kwamba kwanza tuzuie vifo, kufariji kutafuata baadaye, namwelekeza hapo: uwezo wa kusema kwa usahihi nini kilitokea ndio uliozuia vifo. Wodi inayoweza kuwaeleza wazazi imeshajieleza yenyewe kwanza.

Pingamizi la mila nimeliweka baada ya hayo kwa kuwa linahitaji adabu zaidi. Inasemwa kwamba wazee wetu walikuwa na hekima: mimba iliyoharibika au mtoto aliyezaliwa mfu huzikwa kimyakimya na wanawake watu wazima, matanga hayakai, mama haendi kaburini, na hakatazwi kulia kwa ukatili bali kwa kumlinda, asije akafunga kizazi au kuzoea machozi. Rachel Haws na watafiti wenzake, waliofanya kazi kusini mwa Tanzania na kuchapisha mwaka 2010, waliona jinsi wanawake wanavyoficha misiba hii hata kwa mdadisi wa takwimu, kwa kuogopa maneno ya watu na uchawi. Elizabeth Ayebare na wenzake walikuta mambo yanayofanana kwa wazazi wa Kenya na Uganda mwaka 2021. Mimi sidharau ukimya huo. Katika jamii ambapo msiba wa mimba unaweza kuleta tuhuma, kunyamaza ni ngao. Mama anayekataa mtaa mzima ujue ana akili timamu. Lakini ngao hiyo imetengenezwa dhidi ya watu wa nje. Haikukusudiwa kumzuia mama asijue kama mtoto wake alikuwa wa kike au wa kiume. Haikukusudiwa baba asiulize. Mtu anaweza kuzika kimyakimya bila matanga na bado akaambiwa yote na mkunga, mlango ukiwa umefungwa. Mila na maelezo havigombani. Vinagombanishwa na wale wanaotumia mila kujiondolea kazi.

Hapa lazima niseme pia kwamba wataalamu wa nje nao wamewahi kukosea kwa kujiamini. Kulikuwa na wakati hospitali za Uingereza ziliwahimiza wazazi wote wamwone na kumpakata mtoto aliyefariki. Mwaka 2002 Patricia Hughes na wenzake wakachapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya akina mama waliompakata mtoto walikuwa na sonona zaidi katika mimba iliyofuata. Tafiti za baadaye zilileta picha tofauti, na mjadala umeishia pa busara: ulizwe, usilazimishwe, na jibu lako la kwanza lisiwe la mwisho. Kanuni hiyo inafaa Kahama kama inavyofaa London. Mama aulizwe kama anataka kumwona. Akikataa saa nne asubuhi, aulizwe tena saa nane kabla kifurushi hakijaondoka. Hili halihitaji mwanasaikolojia wala bajeti. Halikadhalika kumweleza kwamba kiasi cha siku ya tatu maziwa yatajaa, matiti yatauma, avae sidiria inayomkaa vizuri na atumie kitambaa cha maji baridi bila kukamua sana. Mwanamke ambaye kanga yake inalowa maziwa siku ya tatu, wakati kila mtu amemwambia yamekwisha, anahitaji kuwa aliambiwa jambo hilo na mtu. Na asilazwe kitanda kilicho katikati ya wenye watoto wanaolia, kama kuna hata kona ya kuwekea pazia.

Viongozi wa dini nitawagusa kwa ufupi, kwa kuwa mafundisho yao yanaruhusu zaidi ya yale wanayoyatenda. Fiqhi inayofuatwa na Waislamu wengi wa huku humpa mtoto wa mimba iliyopita miezi minne haki ya kuoshwa, kukafiniwa na kuzikwa, hata kama hakulia. Kanisa Katoliki lina ibada ya mazishi kwa mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa, na waraka wa tume yake ya kiteolojia wa mwaka 2007 ulisisitiza tumaini la wokovu kwa watoto hao. Mzazi anayeambiwa na katekista au ustadhi wa mtaa kwamba mwanawe hakuwa mtu wa kuzikwa kwa heshima ya dini, amedhulumiwa na mtu asiyejua dini yake mwenyewe.

Vikundi vya kufa na kuzikana vinastahili muda zaidi. Karibu kila kitongoji cha Shinyanga na Geita kina daftari la kuchangiana misiba, lenye orodha ya kaya, kiasi cha unga, kuni na fedha, na faini kwa asiyefika. Ni taasisi imara kuliko nyingi za serikali. Katika vingi, mtoto mfu hayumo kwenye katiba ya kikundi. Hakuna mchango wala mtu wa kuchota maji. Mama anarudi shambani au mwaloni wiki hiyohiyo akiwa bado anatoka damu. Pendekezo langu ni dogo: kikundi kiandike kwamba kaya iliyopoteza mimba kubwa au mtoto mchanga hupata huduma ya kazi kwa siku kadhaa, yaani maji, kuni na chakula, bila matanga na bila kutangaza. Ngao ya ukimya inabaki, mzigo unapungua. Wachimbaji nao wana utaratibu wa duara: asiyeshuka hapati mgawo. Mwenye duara anayempa fungu lake baba aliyefiwa na mtoto wa siku mbili hatafilisika.

Kuhusu likizo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina kifungu ambacho wengi hawakijui. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na kifungu cha 33 kinampa mama siku 84 nyingine ikiwa mtoto atafariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Kifungu cha 34 kinatoa siku nne kwa mfanyakazi aliyefiwa na mtoto. Marekebisho ya 2025, baada ya kampeni ndefu ambayo taasisi ya Doris Mollel ilikuwa mstari wa mbele, yalimkumbuka mama wa mtoto njiti. Aliyezaa mtoto mfu kwa mimba ya miezi minane hatajwi. Anategemea hisani ya mwajiri. Afrika Kusini sheria yao humpa wiki sita hata kama mimba imeharibika katika miezi mitatu ya mwisho. Na sisi tunazungumzia walioajiriwa, kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita (GGM) au wa Bulyanhulu au halmashauri, huku wanawake wengi wa ukanda huu wakiponda mawe na kuuza chakula bila mkataba wowote.

Je, nani atakwenda kuzungumza na familia? Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Zimbabwe, kupitia benchi la urafiki la Dixon Chibanda, imeonyesha kwamba akina bibi wasio wataalamu, wakifundishwa vizuri na kusimamiwa, hupunguza sonona. Sipendekezi mhudumu wa jamii aeleze sababu ya kitabibu. Hiyo ni kazi ya mkunga au daktari aliyekuwepo, na mzazi ana haki ya kuisikia kutoka kwake. Mhudumu wa jamii apange siku, awalete baba na mama, na mama mkwe kama mama anataka awepo, kituoni au nyumbani, ndani ya wiki sita. Penye kaswende au virusi vya UKIMWI, wanandoa wakutanishwe na mtaalamu peke yao kwanza, la sivyo maelezo yatageuka silaha. Kisha mhudumu wa jamii aendelee kupita mpaka mimba inayofuata. Na kikao cha mapitio ya kifo kinapofungwa, kwenye muhtasari pawe na mstari mmoja zaidi ya ilivyo sasa: jina la atakayekwenda kuzungumza na wazazi, na tarehe.